Siku Dada Aliposhiba Pole

Mjukuu wangu Neema, salamu zikufikie huko Mwanza. Sisi hapa Mgori tu wazima, alizeti imekomaa. Najua unacheka kuitwa mjukuu na msichana kama mimi, lakini ukoo ndivyo ulivyotupanga: bibi yako alikuwa dada yangu wa kwanza, mimi kitinda mimba.

Umeniuliza kama alipougua saratani ya ini alipata hata siku moja njema. Alipata. Asubuhi moja nilimwambia kama kawaida, "Pole, dada."

"Pole nimeshiba," akasema. "Nipe kazi."

Nikamtandikia mkeka uani, nikampa fimbo alinde alizeti tuliyoianika. Upepo ulipeperusha maua makavu ya njano, na mchana ukawa kama usingizi mwepesi. Wifi yetu, jirani, akaingia na uso wa msiba. Dada akamwahi: "Wifi, kabla hujanipa pole, fukuza kuku wako. Wana tabia za ukoo wenu." Wakacheka hadi kuku wakajilia.

Jioni maumivu yalirudi, nikampa dawa yake. Nilipokuwa namfunika, akaniuliza, "Kesho tunaanika wapi?"

Ni mimi, bibi yako mdogo.