Mguu Mmoja wa Kalala

Jumapili, 9 Februari
Nimemkanda mume wangu, Kalala, mguu kabla ya misa. Maji ya moto, chumvi, mafuta ya mawese. Nakanda kwa nguvu toka kifundo hadi goti, kama mama alivyomkanda baba. Shavu la mguu limevimba, limekuwa gumu. Mguu mmoja tu. Hilo silipendi.

Mpaka ulipofungwa, malori yalilala pale mpakani, Kasumbalesa, na mume wangu akakaa ndani ya kabini siku nenda siku rudi kwa kuogopa wezi. Aliyemletea chakula ni Mwansa, dereva mwenzake. Na chai ya termosi kila asubuhi. Ukarimu gani huo, wakati kila mtu anaficha unga wake?

Jumatatu, 10 Februari
Kwa ajili ya vita vya Mashariki, benki za mjini zimefunga milango. Askari kila njia panda. Sokoni watu wanashika bidhaa, wanazirudisha, wanaondoka.

Mwansa alikuja kumsalimia mgonjwa. Nilimpa maji, hakunywa. Mtu asiyekunywa maji kwako anajua kinachoweza kutiwa kikombeni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni nilimkanda tena.

Jumatano, 12 Februari
Asubuhi, nikiwa namkanda, Kalala alishika kifua. Pumzi ikakata. Jasho, midomo ya kijivu, akaanguka kitini. Majirani walisema sumu. Mimi nikataja jina la Mwansa. Vijana wa avenue yetu wakaondoka kwenda kumtafuta. Sikuwazuia.

Urgence ya hospitali, pale pa wagonjwa wa dharura, imejaa hadi kwenye baraza. Daktari aliyetupokea anaitwa Paluku, amekimbia vita Goma. Simwamini. Waliotoka huko wanasemwa mengi siku hizi, kwamba ni wapelelezi. Alitoa kwenye begi kitu kama mashine ya kunyolea, akakichomeka kwenye simu, akampaka Kalala ute baridi kifuani. Nilijua hapo hapo. Ni ekografi, ile ya mimba. Nimezaa mara nne, hanidanganyi.

Nikamwambia, "Dokta, huyu iko mwanaume."

Nesi akacheka. Mimi sikucheka.

Daktari anasema damu imeganda mguuni kwa kukaa sana kabini, kipande kimepanda hadi kwenye mapafu, na sasa moyo unasukuma mlango uliofungwa. Anataka kumchoma sindano ya tumboni, ya kuzuia damu isigande zaidi. Nimekataa. Ugonjwa uko mguuni na kifuani, tumbo limekosa nini? Na picha ya moyo wa mume wangu, ndani ya simu ya mtu nisiyemjua, inakwenda wapi?

Siku ile ile, mchana
Daktari hakugombana nami. Alivuta pazia, akamwambia nesi aniwekee mimi kile kitu kifuani. Ute ni baridi kweli. Nikauona moyo wangu. Kuna chumba kikubwa kinachosukuma kwa nguvu, na pembeni yake kingine kidogo, kimejibanza. Nilisahau hata kukasirika.

Kisha wakarudi kwa Kalala. Chumba kidogo kimevimba, kimekibana kile kikubwa ukutani kama mgeni aliyemnyang'anya mwenye nyumba kitanda. Hata asiyesoma angeona. Nikasema achomwe.

Daktari akafunua mguu, akapitisha kidole. Kikang'aa kwa mafuta.

"Mama, nani alimukanda hapa?"

"Hapana muntu."

Akatazama mikono yangu. Kucha zangu zina rangi ya mawese.

"Musimukande tena," akasema taratibu. "Damu yenye iliganda inakatika, inapanda."

Nilitoka nje. Nimenawa mikono kwa sabuni ya nesi, nikanawa tena. Harufu haitoki.

Alhamisi, 13 Februari
Kalala anapumua, ila kwa shida. Daktari anasema bado hatujavuka.

Vijana walimpata Mwansa jana. Walimpiga, wakamkabidhi kwa askari kama mtia sumu. Siku hizi anayeingia mle mahabusu hatoki upesi, na wengine hawatoki. Nimekwenda mwenyewe. Mbele ya kamanda nikasema hakuna sumu, ni mikono yangu iliyomkanda. Alinitazama kama mwendawazimu. Nikarudia. Nikakataa kuondoka, nikapaza sauti hadi waliokuwa nje wakachungulia. Aibu niliyokuwa nayo haina jina.

Wakamtoa. Jicho moja limefumba, mdomo umepasuka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya msamaha. Yeye aliuliza kitu kimoja tu.

"Kalala anapumua?"

Jumamosi, 15 Februari
Daktari amepima tena. Nimesimama karibu na simu bila kuambiwa. Kile chumba kidogo kimeanza kurudi mahali pake. Kidogo tu. Nimelia mbele ya mtu wa Goma, na nesi amenipa kitambaa.

Askari walikuja hospitali kuuliza majina ya waliotoka Mashariki, upande wa Goma. Waliponiuliza mimi, nikasema simjui yeyote. Huo ndio uongo wangu wa pili wiki hii. Huu siujutii.

Jumapili, 23 Februari
Tuko nyumbani. Sikwenda misa. Mvua asubuhi yote.

Mwansa alikuja na ile termosi. Mimi ndiye niliyemimina, nikanywa wa kwanza. Kisha nikampa maji. Aliyatazama kidogo, akayanywa yote.

Alipoondoka, Kalala alinyoosha mguu juu ya kigoda. Umepungua, lakini unamuuma bado.

"Mama Nadège," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "unikandeko kidogo."

Nikakaa karibu yake. Mikono nimeikalia.