Vidonge vya Joto na Siku Kumi na Moja

Jumanne, Ramadhani, 1971. Baada ya Alasiri.

Mvua ya vuli haijakatika tangu asubuhi. Nimekula mhogo wa jana jikoni, mlango nimeurudishia. Leo siku ya kumi na moja sifungi.

Niseme kweli, maana humu hamna wa kunicheka. Nna miaka hamsini na mbili. Hedhi ilikatika zaidi ya miaka miwili nyuma, yakaja yale majoto: nimesimama darasani naandika ubaoni, moto unapanda kifuani mpaka masikioni, nguo inanata mgongoni. Daktari akanipa vidonge vya estrojeni. Wallahi vilinifaa. Nikalala usingizi, nikaacha kugombana na kila mtu.

Masharti yalikuwa mawili. Nimeze wiki tatu, nipumzike ya nne. Na nikiona damu, niende kwake siku hiyo hiyo.

Wiki ya kupumzika joto lilirudi, nikaona la, haiwezekani. Miezi mitatu sasa sipumziki.

Damu ilipokuja nikafurahi! Mjinga mimi. Wifi yangu Bi Salma alipojua sifungi alicheka mpaka akakaa chini: "Ehee! Kumbe bado mwari wewe!" Nikajitia haya, na huku kichwa kimenivimba. Nikajiambia hii hedhi tu. Siku saba zikapita, nikajiambia hedhi huweza kufika siku kumi na tano, ndivyo tulivyofunzwa chuo cha Kurani, basi ningoje zitimie.

Hesabu ile ni ya sala na saumu. Haikuwekwa ili mtu afiche ugonjwa, nami nnalijua hilo.

Nnaogopa. Nnaogopa kilichomo tumboni, na nnaogopa zaidi kupokonywa vidonge.

Leo nikifua nimeona damu imezidi. Nimeliacha beseni pale pale, nikamwendea mume wangu barazani, nikamwambia yote. Akasema, "Siku kumi na moja, Zuwena, na mimi nimo humu humu ndani?"



Kesho siendi skuli. Nnakwenda hospitali, inyeshe isinyeshe. Kikasha cha vidonge nshakitia mkobani, pamoja na cheti chake chenye tarehe. Daktari ahesabu mwenyewe vilivyobaki, ajue sikupumzika. Nikiulizwa kwa mdomo ntadanganya, nnajijua.