Chupa ya Kuzaliwa Kwangu

3 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakusihi ufunge mlango. Neno lolote la humu lisitoke kinywani mwako, hata kwa Mama. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila moyo haukai mahali pake.

Unaijua ile divai nyekundu aliyoinunua Baba nilipozaliwa, ifunguliwe siku ya uchumba wangu. Amewatambia wakwe mpaka baba wa mchumba wangu, mfanyabiashara wa divai, akaomba cheti cha umri wake. Basi Baba ameileta hapa maabara ninapofanya kazi. Mkemia alivuta kidogo kwa sindano kupitia kizibo, akaniachia majibu niyapige chapa. Bibi, divai ikizeeka, rangi yake hushikana na ule ukakasi wa zabibu, ikawa ya rangi ya tofali. Hata uitie dawa ya kupausha rangi, haipauki. Hii ilipauka kama shati lililosahauliwa juani. Si ya miaka ishirini na minne. Nikibadili majibu, kazi sina. Nisipobadili, Baba ataumbuka mbele ya wakwe. Nifanyeje?

Mjukuu wako

8 Machi

Marahaba, mume wangu,

Mguu huuma ukitajwa, kwa hiyo usiutaje. Mlango nilifunga, nikacheka mpaka jirani akaja kubisha.

Ni mimi. Ulipofaulu kwenda sekondari, baba yako alikuwa safarini, nami nikashindwa kungoja huo uchumba. Niliinywa, nikanunua nyingine, nikaibandua lebo ya zamani kwa mvuke wa birika na kuihamisha. Miaka kumi sasa. Mwambie mwizi ni mama yake. Atanichapa?

Bibi yako

11 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Umenizidishia hofu. Majibu hayasemi kumi. Rangi inaonyesha miwili. Kuna mtu amekunywa ya kwako.

Mjukuu wako

15 Machi

Marahaba, mume wangu,

Sijambo. Nilimchokoza mama yako kuhusu ile chupa bila kukutaja. Alikaa chini, akasema, “Kumbe ndiyo maana lebo ilibanduka kirahisi.” Aliinywa ulipopata hiyo kazi, miaka miwili sasa, akaweka nyingine. Andika kweli. Wezi tumepatikana.

Bibi yako

20 Machi

Shikamoo Bibi,

Salama huko? Hii nayo ifiche, kuliko zile.

Niliandika miwili, nikagonga muhuri, nikampelekea Baba. Kabla hajafungua bahasha aliniuliza taratibu, “Rangi inaweza kuonyesha tofauti ya siku moja?” Nikasema haiwezi. Akashusha pumzi. Ile ya kwanza kabisa, akakiri, aliinywa siku ileile niliyozaliwa, akanunua nyingine kesho yake.

Kisha akasoma. Nikakutaja wewe na Mama. Alicheka mpaka akashika ukuta. “Basi hakuna aliyeweza kukungoja,” akasema. Jumamosi atawasomea wakwe cheti mwenyewe, na wezi wawili atawataja. Wa tatu amekataa kutajwa.

Ukijibu, usipige simu ya ofisini. Mkemia ndiye hupokea. Tuma bahasha ya kaki, juu uandike “Sampuli”, nitaifungua mimi tu. Au njoo Jumamosi mapema, mlango wa jikoni, ubishe mara mbili. Chupa nimeifungia kabatini. Ufunguo usiniulize.

Mume wako mwoga