Mdomo wa Anyait

Brendah, usinipigie, siwezi kuongea hapa wodini.

Ni Anyait, mdogo wangu. Asubuhi alikuwa anauza nyanya Malaba kama kawaida, mara akashindwa kutamka bei. Mkono wa kulia ukalegea. Mteja akasema amelewa. Anyait, Brendah. Eti amelewa.

Tukamkimbiza Busia, akapigwa picha ya kichwa. Daktari ananiuliza, "Huu uvimbe wa shingo ako nao tangu lini?" Nikashangaa, shingo na kichwa wapi na wapi?

Kumbe tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na mishipa ya kupeleka damu kwa ubongo imekuwa myembamba, damu haifiki vizuri. Anasema kuna watu hupata shida zote mbili pamoja. Unakumbuka vile alikonda tukasema ni mapenzi? Kumbe ni hiyo tezi.

Nikamwambia, "Si mpanue hiyo mishipa basi?"

"Kwanza dawa itulize tezi. Kumpasua sasa ni hatari. Tungoje."

Tungoje mpaka lini, Brendah?

Sasa Anyait ananiangalia, anajaribu kuniambia kitu. Nimemwinamia, akarudia, akarudia tena. Sielewi hata neno moja, Brendah. Naitikia tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo."