Ombi la Alhamisi

Jumanne, 1 Juni 1993

Chumba changu cha ushauri nasaha zamani kilikuwa stoo ya zahanati, bado kinanuka dawa ya vidonda. Mwalimu wetu wa kozi kule Bukoba alisema Biblia ikae kwenye droo mpaka mteja mwenyewe aiulizie. Najitahidi. Mimi niliyeokoka tangu '71, kuinyamazia droo ni kazi kweli!

Leo kaja Therese, mjane wa Karekezi, kutoka Kihanga. Miaka ishirini na sita, watoto wawili. Mume alikohoa mwaka mzima, akafa Januari. Amekubali kupimwa UKIMWI. Damu inakwenda Bukoba, majibu siku kumi. Anasema haogopi kufa sana. Anamwogopa shemeji yake, Mbonimpa: akisikia tu, atamtoa kwenye kibanja, shamba la marehemu, kabla kahawa haijakauka. Nimemwahidi siri. Kisha akauliza kama naweza kumwombea! Droo ilifunguliwa upesi sana. Mimi ndiye niliyeanza kulia. Mshauri gani huyu.

Alhamisi, 3 Juni

Ushirika wa wapendwa, nyumbani kwa Mwinjilisti Kahigi. Kila mtu alisimama kuweka mambo yake nuruni, kuungama mbele ya wote, kama kawaida yetu. Nami nikasimama, moyo mzito. Nikasema kuna dada mmoja, mjane wa huko Kihanga, anasubiri majibu ya damu, tumkumbuke. Jina sikutaja. Wameomba vizuri. Nimerudi mwepesi, nimekula ndizi sahani mbili.

Jumapili, 6 Juni

Baada ya ibada Vestina wa ushirika kanishika mkono, uso unang'aa. Jana walikwenda Kihanga wanne, na mkungu wa ndizi na maharage. Jina walilihitaji la nini? Kihanga, katika kanisa letu, mjane wa mwaka huu ni mmoja. Walipiga magoti uani kwa Therese, wakaukemea ugonjwa wa damu kwa sauti. Mbonimpa alikuwa hapo hapo anaanika kahawa.

Vestina anaona wametenda jema. Na ule mkungu aliubeba yeye, kichwani, njia yote ile. Nimeshindwa kumkasirikia. Ni mimi. Nilidhani nimeficha, kumbe nimetangaza, tena kwa magoti. Sijala kitu.

Jumatatu, 7 Juni

Nimemwambia Kahigi. Anasema nisimame Alhamisi, nitubu mbele ya wapendwa, dhambi ikifichwa haiponi. Ndivyo nilivyolelewa miaka ishirini na miwili. Lakini nikisimama nitatubu nini bila kumtaja yule yule kwa mara ya pili? Nikamjibu: hii nitaitubu kwa mwenyewe niliyemkosea tu. Kaniangalia kama mtu aliyerudi nyuma katika wokovu. Imeniuma. Huyu mzee ndiye aliyenishika mkono siku naokoka.

Jumanne, 8 Juni

Nataka kwenda Kihanga. Siendi. Mimi nesi nikionekana uani kwake, watu watahesabu mambo yamethibitika.

Alhamisi, 10 Juni

Bahasha imefika na basi la Bukoba. Imefungwa. Ushirikani sikwenda.

Ijumaa, 11 Juni

Amekuja. Mbonimpa kamleta kwa baiskeli mpaka hapa Omurushaka, kasema haondoki bila kuiona karatasi kwa macho yake.

Nikafunga mlango, nikampigia Therese magoti. Mimi, ambaye yeye ndiye anayenipigia magoti akinisalimu. Nikasema ni mdomo wangu, katika maombi.  Akasema taratibu: "Nilijua ni wewe, mama. Nimerudi kwa sababu sina mwingine." Afadhali angenitukana.

Nikamwuliza anataka tufanyeje. Akaomba Biblia ya kwenye droo, na mimi nitoke. Akimaliza kuongea na Mungu atagonga, tufungue bahasha pamoja.

Basi naandika hapa kwenye benchi, daftari nimeliegemeza kwenye kadi za kliniki. Mbonimpa kakaa kando yangu. Kauliza majibu yanasemaje. Nikamwambia sijui, na hata ningejua asingeyasikia kwangu. Hakufoka.  Yeye ndiye aliyemwuguza Karekezi, akamwogesha mpaka siku ya mwisho, na sijawahi kumwuliza yeye mwenyewe analalaje. Nimemwonea huruma, ndiyo, na bado namwogopa.

Sasa hivi kavua kofia. "Basi, Sista, tumwombee sote wawili. Mtaje kwa jina, na ugonjwa wake uutaje, Mungu asikie vizuri."

Sijawahi kumnyima mtu maombi tangu niokoke.

Nimemwambia kwamba Mungu anawajua watu wake wote, hata yeye Mbonimpa. Kafumba macho, anangoja nianze.  Mdomo nimeufunga, naandika tu, na mlango haujagongwa.