Mbao za Mama Zilikuja na Jina Lako

Kwako mtani wangu Yona, ambaye siku hizi unaitwa Mheshimiwa na watu wasiojua kwamba unakoroma,

Mimi ni mtu mwenye bahati, na nataka ulijue hilo kabla ya lolote. Mama yangu tumemzika wiki tatu zilizopita, na watu wa Nkuhungu bado wanayasimulia mazishi yake. Nilipata mtani mpya, Mgogo wa Msalato, mrefu kukushinda, sauti kama honi ya lori. Aliziba mlango kwa mwili wake mzima, akasema bibi huyu hatoki humu ndani mpaka yeye apewe sufuria yake ya mlenda. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa hiyo usidhani pengo lako lilionekana. Mimi nimefika mpaka Lubumbashi, nimeishi na watu wa kila namna. Mtani sikosi.

Nimeshajisifu, sasa nikuseme. Na usininunie, maana mtani hanuni.

Unakumbuka Kibaigwa, tulipokuwa makuli wa mahindi? Tulikutana chini ya gunia moja, wewe mbele mimi nyuma, na neno lako la kwanza kwangu lilikuwa, "Nyie Warangi mnabeba gunia kama mnabeba yai." Nikakujibu, "Afadhali yai. Wewe Mgogo unabeba kama umelala." Tukacheka, gunia likaanguka, likapasuka, tukafukuzwa wote wawili siku hiyohiyo. Ndivyo ulivyofika kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, na kimfuko kidogo na njaa kubwa. Mama akakupakulia ugali wa uwele na mlenda. Ulipomaliza aliniambia, wewe ukisikia, "Mtani wako anakula kwa macho kwanza. Mwongeze." Akakuongezea miaka minne.

Sikatai, akili ya biashara ilikuwa yako. Mimi niliishia darasa la tano, na hilo la tano nilikaa karibu na dirisha. Wewe ndiye uliyeomba mabanzi kwa madereva waliotoka Mafinga, yale magamba ya paina ambayo kila mtu aliyaona ni kuni. Ukayauza kwa watu wa kujenga vyoo na mabanda ya kuku. Mimi nilisukuma mkokoteni, wewe ulisukuma maneno. Serikali ilipohamia Dodoma na kila mtu akataka paa, wewe tayari ulikuwa na yadi, na mimi tayari nilikuwa kwenye mashine ya randa, masikio yamejaa unga wa mbao. Ulikuwa unagonga mbao kwa kidole, unasema ni mbichi au kavu, na hukukosea. Nilijivunia wewe. Nilikuwa nasema "yadi yetu" na wewe hukunisahihisha.

Lakini kilichonifanya nikupende siyo hayo. Ni ile kona ya nyuma ya mashine.

Mbao zetu zote zilikuwa na Y nyekundu kwenye ncha, zisichanganyike na za wengine kwenye lori. Za kona ile hazikuuzwa. Zilikuwa za msiba. Mkristo akifiwa, zinakwenda kuwa jeneza. Mwislamu akifiwa, zinakwenda kufunika mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi, kabla ya udongo. Hakuna aliyeulizwa wewe nani. Na kabla hazijatoka, ulichukua msumeno kwa mkono wako mwenyewe ukakata ile ncha yenye Y. Mara ya kwanza nilikuambia unaharibu mbao. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Maiti asilale chini ya herufi yangu. Hii siyo biashara, Issa."

Neno hilo nimelishika mpaka leo. Wewe umelidondosha wapi?

Na baba yako alipofariki, umesahau? Nilipanda basi mpaka kijijini kwenu, nikajilaza juu ya jeneza la mzee mbele ya mchungaji. Nikasema mtu huyu haendi popote mpaka nipewe jogoo wake. Shangazi zako walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku machozi yakiendelea, na wewe, uliyekuwa umekauka kama nguzo tangu alfajiri, ukacheka, halafu ndipo ukalia. Ulinitupia jogoo ukasema, "Chukua, Mrangi mchoyo, umle na manyoya yake." Baadaye ukanishika mkono nyuma ya nyumba. "Bila wewe ningezimia, mtani. Siku ya mama yako, mlango nitauziba mimi. Mtanitoa kwa kamba."

Mama alikusikia ukirudia ahadi hiyo nyumbani. Akacheka, akasema kamba anayo, ya kufungia mbuzi.

Ulipotangaza unagombea ubunge nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikapanda juu ya gari na kipaza sauti nikakunadi mtaa kwa mtaa. Niliwaambia umesoma sana, Mungu anisamehe. Lakini kuna bibi mmoja aliyenikatisha katikati ya uongo wangu. Akauliza, "Huyu si yule wa mbao za msiba?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi shuka, kura yangu amepata." Umesikia? Hukuchaguliwa kwa hotuba zako. Ulichaguliwa kwa mbao zisizo na jina.

Wabunge wenzako wanasafiri kutwa nzima kuja Dodoma. Wewe bunge limekufuata nyumbani, ni mwendo wa baiskeli tu, na hatukuoni. Gari lako linapita na vioo vyeusi. Watoto wanapunga mkono, vioo havipungi.

Mama alipofariki nilikupigia. Akapokea msaidizi wako.

"Mheshimiwa yuko kwenye kikao."

"Mwambie mama amefariki."

"Mama yupi?"

"Mwambie hivyo tu, kwamba ni mama. Ataelewa."

"Sawa mzee, nitafikisha salamu."

Salamu, mtani. Kifo cha mwanamke aliyekuongezea ugali kilifika kwako kama salamu.

Wanawake wakamwosha, wakamvika sanda. Likaja gari lako la wazi, wewe hukuwemo. Akashuka msaidizi kwa suti, na mbao za mninga zilizopigwa randa mpaka zinang'aa. Nikafurahi, nikasema Yona amekumbuka kona yetu. Kisha nikaigeuza moja. Katikati kabisa, kwa herufi nene nyeusi: ZAWADI YA MBUNGE WENU, na jina lako lote mpaka la babu. Zote hivyohivyo. Msaidizi akaniomba nishike moja tupigwe picha. Nilikuwa na kanzu, mikono bado imelowa maji niliyowachotea wanawake waliomwosha mama. Nilimwambia kitu ambacho hakiandikwi.

Makaburini niliingia chini na mjomba wangu kumpokea mama. Tukamlaza. Ikashushwa mbao ya kwanza, mjomba akaishika, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Maandishi yaangalie wapi?"

Jiulize swali hilo ukiwa kwenye kiti chako kinachozunguka. Yaangalie wapi? Yakiangalia chini, mama yangu analala na tangazo lako juu ya uso wake mpaka Kiyama. Niliomba msumeno, mtu akaniletea. Lakini mmeyapiga katikati, Yona. Ncha inakatika, katikati haikatiki. Ukiikata unabaki na vipande viwili visivyofika upande wa pili. Aliyechagua mahali hapo alifikiri vizuri. Nikamwambia mjomba tuzigeuze zote zitazame udongo. Mchwa wakakusome wao.

Nina hasira na wewe mpaka chakula hakipiti. Kikao ningekusamehe. Suti ya yule bwana ningeisamehe. Lakini wewe uliyekuwa unakata herufi moja ili maiti apumzike, leo umeandika ukoo mzima juu ya mama. Wiki iliyopita limekuja rundo jingine kwenye ile kona, lenye jina lako. Nimelipitisha lote kwenye randa. Jina lako limetoka maranda, mama lishe amewashia moto. Nifukuze kazi ukitaka, na likija jingine nitafanya vilevile.

Arobaini ya mama haijafika. Njoo siku hiyo. Njoo kwa miguu, bila yule bwana, bila kamera. Simama mlangoni uidai sufuria yako ya mlenda kwa sauti, unitukane, uniite mchoyo mbele ya shehe. Sufuria nimeiweka, sijamruhusu mtu kuigusa. Kamba ya mbuzi pia ipo. Umechelewa, lakini mlango ni uleule na wewe bado una kifua cha kuuziba.

Na lile la mwanzo nimekudanganya. Hakuna Mgogo wa Msalato. Nilisimama ndani nikiutazama mlango, nikawazuia wabebaji mara mbili, nikiwaambia ngojeni kidogo, kuna mtu anakuja. Mara ya tatu mjomba akasema jua linakwenda. Mlango ulikuwa wazi, mama akatoka moja kwa moja, na hakuna aliyecheka.

Ni mimi mtani wako, mtoto wa mama aliyekulisha,
Issa wa kwenye randa