Ufunguo wa Pili Ndani ya Dashibodi

Jumatano, kabla ya chai

Wengi hudhani kazi ya ufunguo wa gari ni kuzunguka tu. Kumbe una chipu ndani, na gari lisipoisoma haliwaki.

Ndiyo maana jana Hamisi, fundi atakayenifungia rimoti ya kuwashia gari nikiwa sebuleni, aliomba ufunguo wa pili aufiche ndani ya dashibodi.

Mke wangu Consolata akanicheka. "Papa Aline, unamwachia mwizi ufunguo ndani?"

"Hapana, mama," Hamisi akamjibu. "Chipu itasomwa rimoti ikibonyezwa tu."

Ajabu kweli! Nilimwomba anieleze mara tatu.

Lakini nitabaki na ufunguo mmoja, nami hupoteza hata miwani. Nikiupoteza, Ijumaa Consolata atafikaje hospitali kusafishwa figo...

Leo, kabla Hamisi hajaanza, nitatengenezesha ufunguo wa tatu.